"Mtoto hasikii"

DADA yangu alinipigia simu Jumapili moja usiku, mwaka jana, na hasira yake niliisikia kwenye pumzi kabla hajasema neno. "Njoo umchukue mwanao," akasema. Mwanangu huyo ni mwanawe wa kumzaa, yuko darasa la sita, lakini kwetu mtoto akikosea huwa wa mama mdogo. Safari hii kosa lilikuwa langu kweli. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari kwamba mtoto hasikii darasani. Nyumbani hasikii. Akitumwa dukani hasikii.

"Anachosikia ni hilo limuziki ulilomwekea kwenye simu."

Limuziki lenyewe ni albamu iitwayo Sounds of Sisso. Ilitolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lakini imezaliwa Mburahati, Dar es Salaam, kwenye studio ya mtayarishaji Sisso, na wamo akina Bamba Pana na Makaveli. Ni singeli. Kwa mzazi ambaye hajawahi kukoseshwa usingizi na kigodoro cha jirani, nieleze kidogo. Watayarishaji wa mwanzo walikuwa wakichukua kipande kifupi cha taarabu, wanakirudiarudia na kukikimbiza mpaka kinakuwa kitu kingine kabisa. Hakuna mapambo. Ni ngoma, kinanda kinacholia kama king'ora, na mtu anayeongea haraka kuliko dalali wa mnadani. Mapigo huzidi 200 kwa dakika. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, kwa hiyo akili yangu ilikwenda moja kwa moja kliniki ya wajawazito: moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga 110 hadi 160.

Wazungu wana roki ya gereji na panki, vijana wenye gitaa mbili na ngoma wanaopiga kama nyumba inaungua na wana dakika mbili tu za kutoka. Ukizisikia utajua singeli ni ndugu yao. Mimi naipenda. Nilimwekea mpwa wangu nilipokwenda likizo, kama vile mtu anavyomletea mtoto biskuti.

Basi Desemba nikapanda basi kwenda Tabora na hotuba mfukoni. Mada niliijua. Nilishaandika kuhusu spika za masikioni mara mbili: Shirika la Afya Duniani linasema vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Kiwango salama kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, kwa mtoto ni desibeli 75. Ukiongeza desibeli 3 tu, muda unakatwa nusu. Na kasi ya muziki haiumizi sikio, kinachoumiza ni ukubwa wa sauti na muda. Hilo la mwisho nilipanga kulisema kwa haraka, maana lilikuwa linanitetea.

Nyumbani kwetu ni Isevya. Baba, mstaafu wa reli, alikuwa uani chini ya mwembe na redio yake. Yeye ni mtu wa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na huwezi kumaliza chai bila kuambiwa kwamba mji huu ulikuwa na magitaa wakati wenzetu wana filimbi. Nilitegemea aniunge mkono. Akasema tu, "Hata sisi tuliambiwa dansi ni la wahuni," akarudi kwenye redio yake.

Mpwa wangu nilimkuta chumbani. Hakunisikia nikiingia, na hapo nikasema moyoni, dada ana haki. Lakini hakuwa na spika za masikioni. Alikuwa ameibana simu nyuma ya sikio, juu ya ule mfupa, kichwa kimeinama, na sauti imefunguliwa yote. Nilimgusa bega akashtuka, kisha akanigeuzia upande wa kulia wa uso. Nilipouliza kwa nini anasikiliza hivyo, alinijibu kama vile swali lilikuwa la kijinga.

"Hii naishika yote, mama mdogo. Zile nyingine zinakatika."

Nikakaa kitandani. Mto wake ulikuwa na harufu. Si ya jasho.

Naomba mzazi mwenzangu unielewe, ingawa mimi bado sina mtoto wa kunyonyesha. Niliijua harufu ile. Mtoto huyu alitoka usaha masikioni tangu ana miaka miwili. Sote tulijua. Bibi yake alikuwa akimtia mafuta ya karanga ya uvuguvugu, usaha unakauka, mafua yakija unarudi, na tukasema ni masikio ya utoto, yatapita. Mimi nilikuwa chuoni nikisomea kuandika. Baadaye nikawa naandika makala za masikio ya watoto wa watu wengine.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Daktari alimulika kwa kile kifaa chenye taa, kushoto kisha kulia, akamwita dada naye atazame. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa na tundu kubwa, ya kulia tundu dogo. Usaha ukitoka zaidi ya wiki mbili huo ni ugonjwa sugu, alisema, na ngoma ikitoboka sauti hupungua njiani kabla ya kufika ndani. Mfupa wa nyuma ya sikio lakini huibeba sauti na kuifikisha. Mtoto aligundua mwenyewe njia hiyo, bila kufundishwa. Akachagua na muziki wake: usio na vitu vingi, unaogonga. Nyimbo zenye sauti laini zilikuwa zinampotea kama maneno ya mwalimu anayeandika ubaoni huku amewapa mgongo.

Dada hakulia pale. Alilia kwenye bodaboda, nilimwona mabega.

Tulipewa dawa ya matone na kazi ya nyumbani: kusokota kitambaa safi cha pamba, kukiingiza taratibu sikioni, kukitoa kikilowa, kuweka kingine hadi pakauke, mara tatu kwa siku, ndipo matone. Maji yasiingie. Mafuta, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, vyote marufuku, na bibi aliambiwa hilo kwa heshima na mkwewe, si na mimi. Tukaandikiwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, kupima usikivu na kuona kama ngoma inaweza kuzibwa. Tarehe bado haijafika.

Hotuba yangu niliitoa pia, fupi. Simu kwa sauti ya mwisho si salama hata kwa sikio bovu, maana sehemu ya ndani iliyobaki nzima ndiyo mtaji wake. Tukakubaliana kipimo: mtu akikaa umbali wa mkono akilazimika kupaza sauti ili asikike, punguza. Alikubali kwa shingo upande.

Shuleni dada alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwalimu. Sasa mtoto anakaa dawati la mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio la kulia liwaelekee wenzake. Mwalimu alisema neno moja tu: "Kumbe."

Nami nimebaki na sentensi ile. Mtoto hasikii. Tuliisema miaka, wote, kwa maana ya utukutu, na ilikuwa inatuambia ukweli.

Albamu dada aliifuta usiku ule wa simu. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe akiomba nimrudishie mtoto muziki wake, halafu ukaja mwingine: "Lakini isiwe usiku."