Kila Kidole na Nambari Yake



Seminari yetu ina kinanda kimoja tu, nacho kiko kanisani. Mafrateri wanaotaka kujifunza kupiga ni wengi, na zamu ya kila mmoja ni nusu saa kwa wiki. Ndipo sisi watatu wa kikundi cha kompyuta tulipoamua kutengeneza kinanda cha mazoezi kwenye kompyuta ya kioo cha kugusa tuliyopewa na mfadhili.

Tulitumia lugha ya Python pamoja na Pygame, kwa sababu programu ileile hufanya kazi kwenye Windows na Linux bila kuandikwa upya. Toleo letu la kwanza lilitegemea kipanya. Kipanya kina mshale mmoja, hivyo tulipata noti moja moja. Lakini nyimbo zetu za kwaya zina sauti nne. Asiyeweza kubonyeza do, mi na so kwa pamoja bado hajapiga kinanda. Anadonoa tu kama kuku.

Pygame ilianza mwaka 2000, enzi ya kipanya. Toleo lake la 2, lililotoka mwaka 2020, linatambua vidole vingi kwa wakati mmoja: kidole kinapogusa, kinaposogea au kinapoinuka, programu hupewa taarifa pamoja na nambari ya kidole hicho. Tulidhani ni kazi ya jioni moja.

Jioni hiyo, popote tulipogusa, ililia noti ya chini kabisa. Kumbe mahali pa kipanya huhesabiwa kwa nukta za kioo, mathalani 640, ila mahali pa kidole hutolewa kama sehemu kati ya 0 na 1. Katikati ni 0.5. Ilitupasa kuzidisha kwa upana wa dirisha. Tuliporekebisha hilo, kila noti ikalia mara mbili. Mguso mmoja ulileta taarifa ya kidole na pia taarifa ya kipanya cha kuigiza, inayowekwa ili programu za zamani zisikwame. Tukaiagiza programu yetu ipuuze hiyo ya pili.

Tukawakaribisha wenzetu kwa furaha. Siku chache baadaye, mwenzetu wa mwaka wa kwanza akaja. "Frateri, do haitaki kunyamaza."

Tulimjibu haraka: "Inua vidole vizuri, Frateri. Unaburuza."

Alirudi mara ya pili na ya tatu, tukampa jibu lilelile. Mara ya nne hakuja. Tulisikia amewaambia wenzake kwamba pengine kinanda si karama yake.

Neno hilo lilitukosesha raha. Usiku ule tukakaa kwenye kompyuta na kupiga kama yeye, kwa vidole vinavyoteleza. Do ikalia, ikaendelea kulia. Tuliposoma tena tulichoandika, tukaona kosa. Kidole kilipoinuka, programu yetu ilitazama mahali kilipoinukia na kunyamazisha noti ya hapo. Kidole kikianzia kwenye do kisha kikateleza hadi re, ilinyamazishwa re ambayo hata haikuwa ikilia. Nambari za vidole tulikuwa tunaletewa kila mara, ila hatukuzitumia.

Dawa ilikuwa mistari michache. Kidole kinapogusa, tunaandika nambari yake na noti iliyoanza nacho. Kinapoinuka, popote pale, tunatafuta nambari hiyo, tunanyamazisha noti yake, kisha tunaifuta kwenye orodha.

Asubuhi, baada ya Misa, tulimfuata mwenzetu. "Frateri, tusamehe. Vidole vyako havikuwa na shida. Kosa lilikuwa letu."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo naweza kujaribu tena?" Sasa hufanya mazoezi kila siku baada ya chakula cha jioni, na vidole vyake bado vinateleza.

Ndugu wasomaji, tunajiandaa kuwa wachungaji. Waamini watakuja kutuambia kwamba jambo fulani parokiani haliendi, nasi tutakuwa wepesi kuwarekebisha wao, kwa kuwa jambo lenyewe tulilipanga sisi. Yule frateri alituambia ukweli mara tatu. Tuliusikia pale tu alipoacha kuja.