Bi Homai na Stara ya Kamera

Baadhi ya picha mashuhuri za uhuru wa India tunazoziona vitabuni zilipigwa na mwanamke. Huyo ni Homai Vyarawalla, Mparsi aliyezaliwa Navsari, Gujarat, mwaka 1913. Kazi alifundishwa na Maneckshaw, aliyekuja kuwa mumewe, na picha zake za mwanzo zilitoka magazetini kwa jina la Maneckshaw, si lake.

Mwaka 1942 walihamia Delhi. Bi Homai akawa anazunguka mjini kwa baiskeli, amevaa sari, kamera nzito begani, peke yake kati ya wapiga picha wanaume. Alinasa bendera mpya ikipepea Ngome Nyekundu Agosti 1947, mazishi ya Gandhi mwaka uliofuata, na ziara ya Malkia Elizabeth mwaka 1961. Karamu za wakubwa nazo alizihudhuria. Katika picha moja Nehru, sigara mdomoni, anamwashia sigara mke wa mwanadiplomasia wa Uingereza. (Waziri Mkuu wa leo asingethubutu!)

Lakini linalotugusa zaidi ni jinsi alivyoiacha kazi. Mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufiwa na mumewe, aliiweka kamera chini. Alisema wapiga picha wapya hawana adabu, naye hakutaka kuwa mmoja wao. Akaishi kimya miaka arubaini na ziada. Serikali ilimtunuku Padma Vibhushan mwaka 2011, akafariki Januari 2012 akiwa na miaka 98.

Adabu hiyo aliyoililia ndiyo tunayoikosa katika arusi zetu. Siku ya kupamba, wanawake huvua mabuibui wakijua wamo kwenye stara ya wenzao. Hakujakucha, picha ya bi arusi, na ya shangazi yake aliyekuwa akicheza chakacha, imeshafika kwenye simu za wanaume wasiowajua. Ikishatoka hairudi. Tunawajua mabinti waliotiwa aibu hivyo, na ndoa iliyoanza kwa ugomvi kabla ya fungate kwisha.

Baadhi ya nyumba sasa huweka kikapu mlangoni, simu zikakusanywa. Wapo wanaonuna, wakidai mgeni amevunjiwa heshima. Sisi tuko upande wa kikapu. Anayetaka kumbukumbu na amwite mpiga picha mwanamke anayeaminika, na picha akabidhiwe mama wa bi arusi mkononi.