Kapasita ya 85 isiingie kwa TV yenu

Wasee, leo sina trendi. Leo ni kapasita, vile vimikebe vidogo vyenye miguu miwili ndani ya TV. Kama TV yenu inawasha taa nyekundu alafu picha inakataa, au lazima uiwashe mara tano ndiyo ishike, kuna uwezekano mkubwa shida iko hapo. Fundi atakuambia "ni kapasita tu, tunabadilisha." Sina noma na hiyo. Noma yangu ni ile anayoweka.

Niko Mulot, hapa mpakani mwa Bomet na Narok. Ndiyo, hiyo Mulot, unaweza kuachilia simu yako sasa. Niliacha chuo mwaka wa pili, na nikimaliza kushuti video nakaa kwa meza ya mjomba wangu, fundi wa TV. Nyingi zinazoletwa hapo zimeshafunguliwa na mtu mwingine. Ukitoa mgongo unakuta kapasita ya bodi ya pawa ilibadilishwa juzi tu, na tayari imefura kichwa.

Soma ubavuni. Huwa wameandika ukubwa kwa maikrofaradi, volti, na joto. Watu huangalia viwili vya kwanza, joto wanaliruka. Sasa hapo ndipo pesa yako inapotelea. Kapasita nyingi ni za nyuzi 85 au 105, na maisha yake hupimwa kwa joto hilo. Mafundi wana hesabu ya makadirio: kila joto likishuka nyuzi 10, maisha yanakuwa mara mbili. Chukua mbili za masaa 2,000, uziweke mahali penye nyuzi 65 ndani ya TV. Ya 85 inakupa kama masaa 8,000. Ya 105 inakupa 32,000. Peleka hiyo TV kwa hoteli ya hapa stendi, inawashwa asubuhi mpaka mechi ya usiku iishe, tuseme masaa 16. Ya kwanza ni siku 500. Ya pili ni zaidi ya miaka mitano. Na tofauti ya bei haifiki chai na mandazi!

Hata hizo siku 500 ni ndoto kama umewekewa ya kawaida. Bodi ya pawa hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hivyo inataka kapasita yenye upinzani mdogo wa ndani. Ile ya kawaida inajichemsha yenyewe. Na mita ya kupima maikrofaradi pekee inaweza kukuambia iko sawa wakati huo upinzani umeshapanda.

Volti ni rahisi: sawa au juu, kamwe usishuke. Palipokuwa na ya volti 10, ya 16 inakaa fiti bora itoshee. Maikrofaradi ziwe zilezile, au zizidi kidogo. Kuna msee huamini kubwa ndiyo poa, anaweka mara mbili, alafu pawa inashindwa kuijaza inapowashwa, TV inajizima. Mstari wa ubavuni ni hasi, usiugeuze. Na zile za kung'olewa kwa bodi kuukuu mimi sizitaki, masaa yake yalishaliwa kwa nyumba ya mtu mwingine.

Mjomba huagiza zake Luthuli Avenue, Nairobi, zinakuja na matatu. Shida ni mteja. Akisikia bei anasema kuna mwenzetu anafanya kwa nusu, na ni kweli. Kuna mafundi wamezoea TV irudi baada ya miezi mitatu, unalipa tena, na wewe unalaumu stima. Mama mwenye hoteli hulipa mara mbili hivyo na bado wateja wake wanahamia kwa jirani siku ya mechi. Mimi naona una haki ya kuuliza kabla hajaweka: hii ni ya nyuzi ngapi? Mwambie pia akupe ile ya zamani.

Lakini usifungue mwenyewe juu umesoma hapa. Ile kapasita kubwa ya volti 400 au 450 inaweza kubaki na chaji hata ukichomoa waya, na stima yetu ya 240 huijaza hadi karibu volti 340. Mjomba huipima kabla hajagusa chochote, na alianza hii kazi kabla nizaliwe.