Funguo za Watu Nimezirudisha

Najua nimekuwa kimya mno. Juzi dada yangu kanipigia kutoka Moshi saa tisa usiku za huku (kwenu ilikuwa saa mbili usiku, ndiyo kwanza mnakula), akidhani nimelazwa. Jamani, sijalazwa. Nilikuwa na ugomvi na majirani zangu, na niliona aibu kuuandika kabla haujaisha. Sasa umeisha, kaeni niwasimulie.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi naishi Fairfield, magharibi mwa Sydney. Msije mkadhani ni ule uzunguni wa kwenye sinema. Ukishuka stesheni unakutana na Waashuri na Wairaki, na Wasyria waliokuja kwa wingi baada ya mwaka 2015. Ukisogea kidogo upande wa Cabramatta ni Wavietnamu watupu. Jengo letu ni la matofali mekundu, ghorofa tatu, halina lifti, lina yuniti 12. Huku fleti wanaiita yuniti.

Sasa, kununua yuniti siyo kama kununua kiwanja kule Kibosho. Chako ni kile kilichomo ndani ya kuta zako. Paa, ngazi, kuta za nje na bustani ni mali ya wote. Mfumo huu wanauita strata, na jimbo hili la New South Wales lilitunga sheria yake mwaka 1961, wenzao kama Singapore wakaja kuiga baadaye. Kwetu Tanzania sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 2008, na Wakenya waliandika upya ya kwao mwaka 2020. Kwa hiyo ninyi mnaonunua fleti hapo Dar, someni kwa makini, haya yanawajia!

Kila mwaka wamiliki wanakutana, wanachagua kamati isiyozidi watu tisa, nayo inapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Majengo mengi huajiri wakala wa kuwafanyia kazi. Sisi kwa kubana matumizi tuliamua kujiendesha wenyewe, na katibu nikawa mimi, miaka sita. Ndiyo kusema vitu vyote vya jengo vilikaa kwangu: daftari la wamiliki, mihutasari ya vikao, risiti (sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka saba), muhuri, bati la biskuti lenye pesa ndogo ndogo, mashine ya kukatia majani na kitita cha funguo 15. Mke wangu alikuwa akisema chumba cha wageni kimegeuka ofisi ya kata.

Kazi niliipenda. Mwaka 2021, wakati wa korona, Fairfield ilibanwa kuliko sehemu nyingi za Sydney, hadi wafanyakazi waliotoka nje ya eneo wakatakiwa kupima kila siku tatu. Siku hizo ni mimi niliyekuwa nabandika matangazo ngazini na kuvuta mapipa ya taka ya jengo zima. Hakuna aliyenilipa, wala sikudai.

Basi bwana, kwenye mkutano mkuu wa mwisho, mmiliki mmoja akasimama na karatasi ya hesabu mkononi. Akauliza mbele ya watu wote, "Pesa zetu zimekwenda wapi?" Nilikuwa na risiti za fundi bomba, nikazionyesha. Akasema anauliza tu. Lakini kuna namna ya kuuliza tu, na nyie mnaijua. Damu ikanichemka. Nikasema kama ni hivyo mimi sigombei tena, chagueni mwingine. Nilidhani watanibembeleza. Wakachagua mwingine palepale! Kijana wa Kivietnamu wa ghorofa ya kwanza, mpole, hajui hata mita za umeme ziko wapi.

Nikapanda nyumbani. Vitu vyote navyo vikabaki nyumbani.

Wiki ya kwanza kijana akatuma ujumbe: kaka, nije lini kuchukua? Nikajibu niko bize, nafanya shifti za usiku ghalani. Ilikuwa kweli, ila shifti haizuii mtu kufungua mlango. Wiki ya pili akatuma tena, sikujibu. Wiki ya tatu nilikuwa nikisikia hatua zake ngazini nazima televisheni. Mtu mzima na mvi zangu!

Sheria naijua. Vitu vile ni vya umoja wa wamiliki, na mtu akivikalia anaweza kuandikiwa barua rasmi, akikaidi anapelekwa NCAT, baraza la jimbo linalosikiliza mashauri ya namna hii. Lakini moyoni nilikuwa nasema, waje, waone jengo linavyokwenda bila mimi. Niwaambie ukweli, nilikuwa nasubiri wakwame.

Wakakwama kweli, ila siyo aliyeniudhi. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Jioni ya siku ya nne mlango ukagongwa, nikachungulia, ni bibi wa Kiashuri wa ghorofa ya juu. Bibi huyu ananiita "broni", mwanangu kwa Kiashuri. Anakaa na mjukuu wake. Aliniuliza kama nina ndoo ya ziada, maana beseni lake limejaa na maji yanadondoka kitandani. Nikampa ndoo, nikapanda naye. Dari ya chumba ilikuwa imefanya tumbo kama gunia la mahindi.

Mjukuu akanieleza kwamba katibu mpya ameshampigia fundi, na fundi amesema paa lile lina dhamana, leteni karatasi nitengeneze bure. Karatasi haionekani. Tusipoipata itabidi wamiliki wachangishane upya, waitishe kikao, na mvua haisubiri kikao.

Wadau, ile karatasi ilikuwa kwangu. Faili la bluu, chini ya dirisha. Na bibi wa watu hakujua. Alikuwa ananishukuru kwa ndoo.

Usiku ule sikulala. Nikamkumbuka marehemu baba. Wakubwa mnakumbuka, mwaka 1976 serikali ilipovunja vyama vya ushirika. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chama chetu cha kahawa. Aliumia sana, maana kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yake. Lakini nakumbuka, mimi mdogo nimeshika taa ya chemli, yeye anahesabu mawe ya mizani moja moja na kuyaandika kwenye daftari. Asubuhi akayabeba kichwani hadi ofisi ya kijiji, akadai sahihi. Mama akamuuliza, "Wamekunyang'anya kazi, na bado unawabebea mzigo?" Baba akajibu, "Kazi ndiyo wamechukua. Mawe hayakuwa yangu."

Nikaamka saa kumi alfajiri nikaanza kuorodhesha. Na hapo ndipo Mungu alipoamua kunifundisha adabu. Funguo zilikuwa 14, siyo 15. Nikafungua bati: daftari linasema dola 85, ndani mna dola 50. Nikahesabu tena. 50. Nikakaa chini nikawaza, mpaka nikakumbuka. Miezi mingi nyuma nilichukua dola 35 nikanunue maziwa na mkate, nikajiambia nitarudisha kesho. Kesho haikufika.

Yaani ile hasira yote, "mimi kuitwa mwizi!", na bati lilikuwa na pengo nililolitoboa mwenyewe. Kidogo, ndiyo. Lakini pengo.

Faili la bluu nililipeleka kwa kijana saa moja asubuhi, nikiwa na kandambili. Vingine tulikabidhiana jioni, pale chini kwenye ngazi, mbele ya kamati mpya, na yule aliyeniuliza swali naye akiwemo. Nilisoma orodha kipengele kwa kipengele. Nilipofika kwenye bati nikasema: hapa palipungua dola 35, nilizitumia mimi, nimezirudisha, nimeandika. Ufunguo mmoja umepotea, nitalipia wa kuchongesha. Na samahani kwa wiki tatu.

Kimya. Yule bwana akanitazama kwa muda, akachukua kalamu akasaini. Hakuniomba radhi, nami sikumdai. Akaniuliza tu ufunguo wa sanduku la mita ni upi, nikamwonyesha.

Fundi alikuja, paa limezibwa, dari imepakwa rangi upya. Bibi alinitumia sahani ya dolma, yale majani ya mzabibu yanayofungiwa wali. Hadi leo sijamwambia kwamba karatasi ilikuwa kwangu. Mke wangu anasema nikamwambie. Nyie mnasemaje?

Nimeandika haya kwa sababu najua wengi wenu huko mko kwenye vikoba, kamati za msiba, kamati za maji na za makanisa na misikiti. Kwenye vikoba mmetuzidi akili: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Sisi tulimpa mtu mmoja kila kitu kwa sababu alikuwa mwema. Wema wangu ulidumu mpaka siku nilipokasirika. Basi ukiondoka kwenye uongozi, hata kama umeonewa, kabidhi siku ileile, kwa maandishi, kabla hasira haijakukalia.

Chumba cha wageni sasa ni cheupe. Dada, njoo utembee, pana nafasi.

Nawasalimu wote. Ni mimi ndugu yenu, Fairfield.