Kichwa Kikubwa Si Akili Nyingi

Wasee, leo sina klipu. Leo nina deni nataka kulipa mbele yenu.

Wengi wenu mnanijua kwa mambo ya injini. Mwaka jana binamu yangu anayeishi Minnesota, kule Marekani, alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, mrefu kama mahubiri. Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na Wakenya wako wengi huko. Jamaa alikuwa amepiga shifti za usiku miaka miwili, akanunua boti ya zamani kwa bei ya kutupa. Mbona bei ya kutupa? Mwenyewe wa kwanza aliiacha nje msimu wa baridi bila kumwaga maji kwa injini. Maji yakaganda, yakapanuka, yakapasua silinda hedi zote mbili. Kwa bahati bloku ilipona.

Injini yenyewe ni Chevrolet V8, ile 454. Hiyo ni lita 7.4. Matatu ya lita 3 ukiweka mbili, bado haifiki. Swali lake lilikuwa moja: "Mdogo wangu, niweke hedi gani?"

Kama hujawahi kufungua injini, silinda hedi ndiyo ule mfuniko mzito unaokaa juu ya bloku. Valvu ziko hapo, na njia za hewa, yaani poti, zinapita hapo. Hewa na mafuta vinaingilia hapo, moshi unatokea hapo. Kwa hizi Chevrolet kubwa kuna familia mbili za poti. Kuna za umbo la yai, ambazo ni ndogo kiasi, na kuna za mstatili, ambazo ni kubwa.

Binamu alikuwa amepata za yai, za chuma, zimetolewa kwa lori kuukuu, bei poa. Pia alikuwa ameona za alumini, mpya, poti za mstatili kubwa kabisa, zaidi ya dola 2,000.

Mimi nikafanya nini? Nikatengeneza klipu. Nikasema kwa kelele: "Nunua kubwa! Hewa nyingi, nguvu nyingi!" Klipu ikapendwa sana. Binamu akanunua.

Sasa sikieni nilichokosea.

Kwanza, sikumuuliza injini itakuwa inazunguka kasi gani. Hedi zenye poti kubwa hivyo zinang'aa ukipita mizunguko 6,000 kwa dakika. Boti ya familia haifiki huko. Propela inaishika, na 454 ya kawaida ya boti inakomea kama 4,200 hadi 4,800. Kwa kasi hiyo, hewa kwa poti kubwa inatembea pole pole. Fikiria paipu ya kuosha gari. Ukibana mdomo, maji yanaruka mbali. Ukiachilia, yanaanguka hapo kwa miguu yako. Poti ndogo inaipa hewa mwendo, inachanganya mafuta vizuri, na silinda inajaa mapema. Hiyo ndiyo nguvu ya chini ambayo boti inahitaji ili kuinuka na kuteleza juu ya maji.

Pili, nilisahau kwamba boti haina mteremko. Gari likipanda, mbele litashuka, injini ipumzike. Boti ni kama lori limejaa mzigo linapanda kutoka Mai Mahiu, na kilima hakiishi. Kwa hivyo valvu za moshi zinapikwa mfululizo, na valvu ngumu ni muhimu kuliko poti kubwa. Pia lazima uangalie ukubwa wa chumba cha kuchomea mafuta. Kikiwa kidogo, kompresheni inapanda, na chini ya mzigo kama huo mafuta yanaweza kulipuka kwa wakati usiofaa na kula pistoni.

Tatu, hedi haiji peke yake. Manifoldi ya hewa ya poti za yai haikai vizuri kwa poti za mstatili, so binamu akanunua nyingine. Muuzaji akamwambia aongeze na kamshafti kali. Pesa ikaendelea kutoka, na ushauri ulikuwa wangu.

Julai akawapeleka ziwani mkewe, watoto na marafiki, jumla watu sita. Akasukuma mafuta yote. Boti ikainua pua na kukwama hivyo, inalima maji kama trekta. Hadi watatu wahamie mbele ndipo ikakubali kulala. Watoto walicheka. Yeye hakucheka. Kiangazi cha huko ni kifupi, na wikendi alizopoteza hazirudi.

Alirudisha za yai, na kamshafti ya kawaida. Hedi za alumini aliziuza kwa hasara. Sasa boti inapanda na watu wote sita wakiwa wamekaa.

Simaanishi poti za mstatili ni mbaya. Kwa boti ya mashindano, nyepesi, inayozunguka juu siku nzima, ningezichukua leo. Alumini nayo ni nyepesi na inatoa joto haraka. Lakini kama boti ingekuwa Mombasa, na injini inapozwa moja kwa moja na maji ya chumvi, alumini ingeliwa. Hapo unahitaji mfumo wa kupoza uliofungwa, maji ya bahari yasiguse hedi kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba binamu hajawahi kunilaumu. Nilipompigia kuomba msamaha, aliniambia, "Mdogo wangu, nilikuuliza kwa sababu wewe unajua." Ningependa angenitukana.

Nilikuwa najua, kiasi. Sikuuliza tu. Mizunguko mingapi? Mzigo gani? Maji gani? Una vifaa gani tayari? Hayo maswali manne yangechukua dakika mbili, lakini hayakuwa na kelele ya kutosha kwa klipu.

Ile klipu sijaifuta. Nimeandika pale juu kabisa: "Nilikosea, soma hii kwanza." Na kama kuna mtu wenu alinunua kitu kwa sababu ya mdomo wangu, niandikie. Safari hii nitaanza kwa kuuliza.