Lisogelee Waridi

Akina mama wengi tukiingia kwenye bustani ya maua, maua hayo ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kwanza tunatafuta kivuli, tunawafungulia watoto chakula, tunatafuta choo kiko wapi, kisha tunapiga picha ya kuwatumia ndugu nyumbani. Katika picha hiyo maua yako nyuma yetu.

Sisi tunaoishi London tumejaliwa bustani ya mawaridi isiyo na kiingilio. Imo ndani ya Regent's Park, nayo huitwa Queen Mary's Gardens, kwa jina la mke wa Mfalme George wa Tano. Ina miche ya waridi ipatayo 12,000, imepandwa kwa matuta, aina hii mbali na ile. Mwanzoni mwa Juni ndipo inapopendeza zaidi. Huko ndiko tulikokwenda Jumamosi moja, akina mama wachache wa ibada yetu ya Kiswahili, pamoja na watoto.

Mwenzetu mmoja anaugua presha ya macho. Ugonjwa huu mara nyingi huanza kula uoni wa pembeni, polepole na bila maumivu. Uoni uliopotea haurudi. Dawa ya matone husaidia kulinda uliobaki. Yeye sasa huona kilicho mbele yake tu, kama mtu anayechungulia dirisha dogo.

Bustani nzima hakuweza kuiona. Basi alisimama kwenye tuta la kwanza, akainama, akaweka kiganja chini ya ua moja bila kulivuta, akalitazama kwa muda mrefu. Alituambia kwamba ukingo wa petali za nje umeanza kufifia, na kwamba umande bado umelala katikati. Ndipo nasi tukasogea.

Siku ile tulijifunza kunusa. Mawaridi mengi ya dukani, yakiwemo yanayotoka kwetu Naivasha, yamechaguliwa kwa urefu wa shina na uwezo wa kustahimili safari, hivyo harufu yake huwa hafifu. Ya bustanini hutofautiana: moja hunukia kama majani ya chai, jingine kama limau, jingine lina ukali wa karafuu. Asubuhi yenye joto kidogo isiyo na upepo ndiyo nzuri kwa kunusa. Ila chungulia kwanza, pengine nyuki amekutangulia! Watoto nao waliambiwa mapema: macho na pua ruhusa, kuchuma hapana, kwa maana ua la bustani ni la kila apitaye.

Bwana Yesu alipowafundisha watu waliosumbukia chakula na mavazi, aliwaelekeza kwenye maua ya kondeni (Mathayo 6:28). Aliwataka wayafikiri jinsi yanavyomea. Jambo hilo halifanyiki kwa kupita mbio. Linahitaji mtu asimame.

Ndivyo ilivyo na nyumba zetu. Mama huiona familia kama tuta zima: vichwa vya kuhesabu, sare za kufua, sahani za kujaza. Kazi hiyo ni ya upendo, wala haiepukiki. Lakini kila mmoja wao anahitaji pia kusogelewa peke yake. Mume akirudi kazini, mtazame uso kabla ya kumwuliza habari za kodi ya nyumba. Mtoto akianza kusimulia ya shuleni, epua sufuria kwa dakika tano umsikilize.

Mwenzetu anaendelea kutia matone yake kila siku, nasi tunaendelea kumwombea. Mungu akitujalia, Juni ijayo tutarudi naye. Penye ngazi tutamshika mkono. Tukifika kwenye mawaridi, yeye ndiye atakayetuongoza.