Nyumba Njema Si Mlango

Mpenzi msomaji, ukiambiwa leo kwamba mgonjwa wako hana budi kupelekwa India, swali la kwanza utakalouliza ni bei ya matibabu. La pili litakuwa nauli ya ndege. La tatu wengi wetu hulisahau hadi tunapojikuta nje ya uwanja wa ndege tumeshikilia masanduku: tutalala wapi, na kwa siku ngapi?

Mimi sikulisahau. Nililipuuza, na heri ningelisahau kabisa.

Mwaka wa 2017 nilimsindikiza mama yangu mzazi hadi Chennai, jiji la kusini mwa India lililokuwa likiitwa Madras hadi mwaka wa 1996. Mama alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Pesa tulizokuwa nazo hazikuwa zetu. Tulifanya harambee mbili, moja Nairobi na nyingine kijijini kwetu Kitui, na Mama alikuwa na daftari ambamo jina la kila aliyetoa liliandikwa, hata yule aliyetoa shilingi 50. Daftari hilo alisafiri nalo mkobani.

Kabla ya safari, jamaa mmoja alinipa nambari ya simu ya wakala wa vyumba. Wakala akanitumia picha: kitanda chenye shuka nyeupe, pazia safi na feni darini. Akasema chumba kiko hatua chache kutoka hospitalini, lakini wateja ni wengi, kwa hivyo nilipe siku 30 kabla sijaondoka nyumbani. Bei ilikuwa rupia 1,400 kwa siku. Nikatuma rupia 42,000, kama shilingi 67,000 wakati huo, nikajisifu kwamba nimejipanga.

Tulifika alfajiri. Zile hatua chache zilikuwa takriban kilomita tatu. Chumba kilikuwa orofa ya tatu na lifti haikuwepo. Shuka nyeupe zilikuwepo, pazia pia. Jiko halikuwepo, wala ruhusa ya kuchemsha hata chai.

Daktari alipomaliza vipimo alitueleza kwamba Mama atapigwa mionzi siku tano kwa juma, kwa majuma matano, kisha kutakuwa na matibabu mengine ya ndani. Ukijumlisha vipimo na mapumziko, tungekaa karibu miezi miwili. Kila asubuhi nikawa namshusha Mama ngazi polepole, tunapanda tuktuk, tunarudi mchana jua la Aprili likiwaka kama tanuri. Chakula cha kununua kilikuwa na pilipili asiyoiweza. Alikula ndizi na mkate, akazidi kukonda.

Siku ya sita usiku nilimkuta ameketi kitandani na daftari lake magotini. Akaniuliza, "Mwanangu, chumba hiki ni shilingi ngapi za kwetu kwa usiku mmoja?" Nikamwambia ni zaidi ya 2,200. Akapekua kurasa, akaweka kidole kwenye jina la mjane mmoja jirani yetu, aliyeuza mbuzi ili atoe 2,000. Akasema, "Basi jana tulilala kwenye mbuzi wa Mama huyu. Na leo tunalala kwenye jasho la mwingine." Kisha akaniambia tukate tikiti turudi nyumbani, matibabu yatoshe hapo yalipofika.

Msomaji, nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno ambalo daktari angeweza kunitamkia. Sikuwa nimejiandaa kumwona mama yangu akitaka kuacha dawa kwa sababu ya kodi.

Asubuhi iliyofuata, kwenye foleni ya mionzi, nilisikia mtu nyuma yangu akisema Kiswahili kwenye simu. Alikuwa dada mmoja kutoka Morogoro, amekaa Chennai miezi mitatu akimuuguza mumewe. Nilimwamkia, nikamweleza masaibu yangu. Akacheka kwa huruma. "Pole sana dada yangu. Chumba hakitafutwi kwa simu. Hutafutwa kwa miguu. Jioni njoo tutembee."

Jioni hiyo alinifunza mengi kuliko niliyoambiwa na mawakala wote. Kwanza nilijua kwa nini hatukuweza kukodi nyumba ya kawaida mtaani. Huko mikataba mingi ya nyumba iliandikwa ya miezi 11, kwa kuwa sheria ilitaka mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja usajiliwe serikalini. Fauka ya hayo, wenye nyumba hudai dipoziti ya kodi ya miezi kadhaa. Mtu wa miezi miwili hana nafasi hapo. Lakini kwenye vichochoro vya mtaa wa Thousand Lights, karibu na barabara ya Greams, zimo nyumba ambazo wenyewe hupangisha vyumba kwa siku au kwa mwezi kwa jamaa za wagonjwa. Nyingine hata kibao hazina. Utazijua kwa kuwauliza wagonjwa wenzako, kwa maana kila juma kuna anayerudi kwao na kuacha chumba wazi.

Ukienda na dereva wa tuktuk atakupeleka kwa anayempa kamisheni, na kamisheni hiyo utailipa wewe ndani ya kodi. Tulikwenda kwa miguu. Tuliona vyumba sita. Cha tano kilikuwa orofa ya chini, dakika nane hadi lango la hospitali kwa mwendo wa Mama, nao nilikuja kuupima mchana wa jua kali kabla ya kukubali. Kilikuwa na jiko la gesi, sufuria mbili na friji ndogo. Mwenye nyumba hakutaka nyama wala mayai jikoni mwake kwa sababu ya dini yake, nasi tukaheshimu. Alitaka rupia 900 kwa siku. Nilipomwambia nitakaa majuma saba, akashuka hadi 700.

Yule dada alinikanya nisitoe pesa kabla ya kuuliza maswali manne. Je, umeme umo ndani ya kodi, hasa wa mashine ya kupoza hewa? Maji ya kunywa ya mitungi ya lita 20 ni ya nani? Mgonjwa akilazwa wodini, au akiruhusiwa kurudi kwao mapema, nitarudishiwa pesa za siku zilizobaki? Na je, atapeleka habari zetu kwa idara ya uhamiaji? Sheria ya India humtaka anayempangisha mgeni aiarifu serikali ndani ya saa 24. Mwenye nyumba anayekwepa jambo hilo atakuuzia chumba rahisi leo na kukuletea balaa siku ya kuongeza muda wa viza. Huyu wetu aliomba pasipoti zetu mara moja, akazinakili. Nililipa juma kwa juma, na kila malipo nikapewa risiti.

Wakala wa kwanza hakunirudishia hata peni. Sikiliza basi hesabu yangu. Tulikaa Chennai siku 57. Kwa rupia 700, siku zote hizo zingegharimu rupia 39,900. Pesa nilizotoa kwa siku 30 bila kukiona chumba zingetosha safari nzima, na rupia 2,100 zikabaki.

Usiku wa kwanza katika chumba kipya nilimsongea Mama ugali kwa unga tuliobeba kutoka Nairobi, kwa mchicha wa soko la jirani. Unga ulipokwisha tulisonga kwa semolina, ambayo huko huiita rava. Alikula, akalala. Habari ya tikiti hakuitaja tena. Alimaliza mionzi yote, tukarudi naye Kitui akitembea kwa miguu yake.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, iwe ni India kwa matibabu au ni mwanao anayekwenda masomoni ng'ambo, lipia siku tatu au nne tu mahali pa kufikia. Kisha tembea, uliza, pima mwendo kwa miguu ya yule atakayeutembea kila siku. Tazama jiko kabla ya kutazama pazia. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi niliununua mlango kwenye picha, na waliolipia ni watu walioandikwa katika daftari la mama yangu.